Sabuni Iliyobaki na Herufi Zake

Siku ya kwanza kazini, Mwalimu wa Afya alinikabidhi filimbi, daftari na ufunguo wa stoo. Nilikuwa kidato cha pili, shule moja ya kata huku Matogoro, na tangu asubuhi ile nikawa Kiranja wa Afya. Leo ni mstaafu, niko kidato cha tatu. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, ketini niwaambie kazi ilivyokuwa, na msitegemee nitacheka sana.

Wakati huo kuhara na kutapika kulishaingia mitaani, watu wananong'ona kipindupindu. Bwana Afya wa kata akatuletea ndoo nne za koki, yaani zenye bomba dogo chini, unawe maji yanayotiririka badala ya kila mtu kutumbukiza mkono wake. Akaleta na sabuni zenye herufi zilizogongwa juu.

"Ziwekwe chooni. Leo hii."

Zilikaa chooni mpaka pikipiki yake ilipokata kona ya kwenda Msamala.

"Kiranja, rudisha stoo," akasema Mwalimu wa Afya. "Zikipigwa jua zitapauka. Wageni wakija tutawaonyesha nini?"

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Wageni wakija, natoa ndoo na sabuni. Wakiondoka, narudisha. Ndoo zile zilikuwa na afya kuliko sisi sote. Nikaamua kutengeneza kibuyu chirizi: dumu lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili dumu liiname bila kuguswa. Mkuu wa Shule alikitazama kama mtu aliyekuta soksi kwenye sufuria ya ugali.

"Ng'oa. Shule inaonekana kambi ya wachoma mkaa."

Nikang'oa. Hilo najilaumu mpaka kesho.

Wiki iliyofuata Skola, ninayekaa naye dawati moja, alitoka darasani mbio mara tano kabla ya mapumziko. Mara ya sita alishindwa kusimama. Alipelekwa zahanati kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama mpishi, macho yameingia ndani. Akatundikiwa dripu. Na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu.

Bwana Afya akarudi na wageni. Ndoo zikatoka. Jibu nilishakaririshwa: tunanawa kila siku.

"Kijana, mnanawa?"

"Shikamoo mzee. Soma sabuni."

Akaiokota, akapitisha kidole gumba juu ya herufi. Zote zilikuwepo, kali kama za sabuni iliyotoka dukani Majengo asubuhi ile. Akamgeukia Mkuu wa Shule.

"Miezi miwili, Mwalimu. Shule nzima."



Ndoo hazikurudi tena stoo. Mimi kesho yake nilistaafishwa mstarini kwa utovu wa nidhamu, filimbi ikachukuliwa shingoni kila mtu anaona. Mwalimu wa Afya bado ni Mwalimu wa Afya. Msiniombe nimsamehe, sijafika huko.

Skola alirudi Jumatatu, sare inampwaya. Alianzia kwenye ndoo kabla ya darasa, akasugua mikono mpaka nikachoka kumngoja.

"Mstaafu," akasema, "sabuni yako imebaki herufi moja."

"Sugua na hiyo."