Ujumbe wa Mbegu Nilioutuma Mwenyewe

Niliacha shule darasa la tano, na leo wakulima kutoka Kitale mpaka Kimilili wananunua mbegu kwangu. Nikisema neno kwenye kundi letu la simu, linafuatwa. Kwa hivyo mvua ilipoanza, nikasambaza ujumbe niliotumiwa, kwamba mbegu ya msimu huu ni mbovu, watu wangoje. Chini yake kulikuwa na picha ya mahindi yaliyonyauka. Nilitaka wajue mimi siuzi takataka.

Binti yangu na vijana wenzake wanasaidia kampuni moja ya mtandao kufundisha watu kutambua uongo. Alikuja dukani na simu mkononi.

“Baba, hayo mahindi ya pichani yamekua kufikia wapi?”

“Si yameshatoa mbelewele, yale maua ya juu, bana.”

“Na yetu ya msimu huu?”

Yetu yalikuwa bado mbegu kwenye magunia, kwa hivyo picha haikuwa ya msimu huu! Mimi, mjuzi wa mahindi, nilisoma maneno nikasahau kuangalia mahindi.

“Basi nitaufuta ujumbe.”

“Kufuta haitoshi, Baba. Wamekuamini, na mvua haiwangoji.”

Nikarekodi sauti yangu: “Nimekosea mimi. Mbegu ni nzuri, pandeni.” Wafanyabiashara wangapi hapa Kitale wanaweza kusema hivyo? Kabla ya saa nne asubuhi hiyo, mteja wangu wa kule Ndalu akajibu kwamba ameshafunga ng'ombe jembe, anaenda kupanda.