Sili Nyeusi Kwenye Pikipiki ya Marehemu

"Pikipiki ya marehemu nayo imechoka, shem. Inataka kumfuata mwenyewe."

Fundi alisema hivyo huku anacheka, na wateja wawili waliokaa kwenye benchi lake wakacheka naye. Mimi nilikuwa nimeisukuma hadi kijiweni kwake Mlabani, jua la mchana, mwanangu mgongoni, kitenge kimelowa jasho letu sote wawili. Nikachukua beseni la oili chafu lililokuwa miguuni pake, nikalimwaga lote kwenye boksi lake la spana. Kisha nikaingiza mkono humohumo, nikatoa ninayoitaka.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Ninao. Sogea."

Hakuna aliyecheka tena.

Mume wangu alifariki masika ya mwaka jana. Alianza na homa, zikafuata figo, kisha basi. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Koti lilikwenda kwa mjomba, redio kwa shangazi. Mdogo wake akasema pikipiki aichukue yeye. Ni ya Kichina, kuukuu, rangi ya tangi imechubuka pale magoti ya mume wangu yalipokuwa yanabana. Nikasimama nikasema nitaiendesha mwenyewe, nibebe mpunga kutoka Kisawasawa hadi mashineni mjini, nimlishe mtoto wa kaka yao. Wakanitazama kama nimetukana.

"Ikae kwako, mwanangu," akasema baba mkwe. "Lakini siku ikikushinda, irudi nyumbani."

Wote wakaitikia. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua: ikizima, naipoteza. Nayo ndiyo ilikuwa mkate wetu, na ndiyo pekee ya kwake iliyokuwa imebaki ndani ya ua wangu.

Anayebeba mpunga anamjua adui yake, nyuzi za viroba. Kiroba kikichanika, uzi unaning'inia, cheni inaudaka, unakwenda kujisokota kwenye shafti nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Pale pana mpira wa duara unaozuia oili isitoke kwenye injini. Ndiyo sili. Uzi ukijikaza pale, unaikata taratibu. Mume wangu kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anafungua kifuniko na kuzitoa nyuzi kwa msumari, huku namsimulia nani kaimba vibaya kwenye kwaya. Alipoondoka nikawa nazitoa mwenyewe, simsimulii mtu.

Lakini mpira nao unazeeka. Oili ikaanza kuacha doa uani kila asubuhi, cheni ikawa inang'aa kwa kulowa. Nikanunua sili mpya, ya rangi ya kahawia, nikampa fundi mkononi. Huyu fundi alikuwa amebeba jeneza la mume wangu begani. Aliponiambia, "Acha hapa shem, pitia jioni," nikaacha. Ningemsimamia kwa lipi?

Ikavuja. Nikarudi. "Sili mpya lazima ijizoeshe, shem." Ikavuja tena. "Unapakia sana." Ikavuja tena. "Shem, unabadili gia kama unapasua kuni! Mume wako alikuwa na mguu laini." Neno hilo lilinipata. Nikaenda nyumbani nikajifunza kubadili gia taratibu, kama mtu anayenyata kando ya mtoto aliyelala. Kumbe najirekebisha bure.

Siku ile nilitoka Kisawasawa na gunia moja. Asubuhi nilikuwa nimeongeza oili, nimeipima, iko sawa. Tukikaribia Lumemo injini ikatoa mlio wa chuma kukwangua chuma, tairi la nyuma likakaza, tukaenda upande. Sikuanguka. Bado sijui kwa nini sikuanguka. Oili yote ilikuwa imeishia njiani. Injini imenoki, haizunguki tena. Gunia nikaliacha kwa mama anayeuza mihogo, nikasukuma.

Ndiyo nikafika kijiweni na kukuta utani.

Nilifungua kifuniko mwenyewe. Nikalegeza boliti, nikashusha cheni, nikachomoa sproketi. Wale wa kwenye benchi wakasimama kuangalia. Nyuma yake kulikuwa na gundi ya silikoni, imepakwa nene kama ugali. Nikaibandua kwa bisibisi. Chini yake sili. Nyeusi. Nikaibonyeza kwa kucha, ngumu kama kifungo.

"Yangu ilikuwa ya kahawia," nikasema.

Fundi akajifuta mikono, ingawa ilikuwa haina kitu. "Ile haikukaa vizuri kwako, shem. Kuna jamaa alikuwa na safari, nikamfungia, ikamkaa."

"Na mimi ukaniwekea gundi."

"Nilikuwa nakusogezasogeza tu siku ziende. Mwanamke na sili, wapi na wapi? Nani angejua?"

Mmoja wa wale wateja akasema polepole, "Dah, mke wa marehemu lakini, fundi." Mimi nikaanza kulia, na nilichukia kulia mbele yake kuliko nilivyochukia gundi.

Nikaisukuma hadi nyumbani, na kesho yake mdogo wa mume wangu akaja na guta la matairi matatu, akaipakia. Baba mkwe hakuja. Mwanangu amezoea kukalishwa juu ya tangi, akawa ananyoosha mikono apandishwe. Guta likaondoka mtoto bado ananyoosha. Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, tukakaa.

Nilipoinuka nilikwenda kwa mtendaji wa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti, mambo ya fundi na mteja si mnamalizana hukohuko kijiweni?"

"Tulijaribu. Alinicheka."

"Sasa unataka akulipe?"

"Nataka iandikwe."

Akanisukumia karatasi. Niliandika hivi:

"Mimi ni mjane, mkazi wa Lumemo. Ninamlalamikia fundi wangu wa pikipiki wa Mlabani. Nilimkabidhi sili mpya aifunge kwenye pikipiki ya marehemu mume wangu. Aliifunga kwenye pikipiki ya mtu mwingine, akapaka gundi juu ya sili mbovu na kuniambia kazi imekwisha. Oili ikaisha, injini ikanoki barabarani nikiwa na mtoto mgongoni. Ninaomba aitwe hapa, mbele ya baba mkwe wangu, aseme kwa mdomo wake alichofanya, ili ukoo usiseme niliiharibu mimi. Na ninaomba pikipiki irudishwe uani kwangu hivyohivyo ilivyo, mbovu, mpaka atakapokuwa amesema."