Shamis Alipokataa Samli

Hadi mwisho wa maisha yake, Shamis binti Ogle hakula chakula bila kukinusa kwanza. Aliinua sahani hadi puani, akafumba macho, akasema Bismillahi, ndipo akatia mkono. Kinsi, binti wa kaka yake, alikuwa amekwama kwake mjini Garissa tangu vita vya serikali na waasi vilipofunga njia ya kwenda kwao Buna. Alimwita edo, yaani shangazi. Naye Shamis, kwa desturi ya Wasomali, alimwita Kinsi edo vilevile.

Shamis alikuwa mnene wa kusifiwa. Mumewe, Rage, alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, na watu walipima utajiri wake kwa mwili wa mkewe. Taabu ilikuwa kwenye msala. Magoti yalikuwa yamegoma, tumbo limekataa kukunjika, na kwa miaka mingi Shamis alisali ameketi juu ya kigoda. Wakati wa kusujudu aliinama hewani kidogo tu, kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka. Sheikh alimwambia hana dhambi, mgonjwa ameruhusiwa. Shamis alimshukuru vizuri, akarudi nyumbani, akalia.

"Ruhusa nimepewa, edo," alimwambia Kinsi. "Lakini nautamani udongo. Nataka paji langu liuguse kabla sijafunikwa nao."

Tabibu wa hospitali alimkanda magoti, akasema mwili upungue kwanza. Samli aiache, sukari pia, na nyama ya mafuta. Ale kunde, mboga za majani na nyama ya mbuzi isiyo na mafuta, iliyochemshwa.

"Majani?" Shamis alicheka hadi kitanda kikalia. "Daktari, umeona nina pembe?"

Hata hivyo, asubuhi iliyofuata alimtuma Kinsi kwa wanawake wakulima wa ukingoni mwa Tana. Kinsi alizificha mboga ndani ya shuka, maana mfugaji kula majani ilikuwa fedheha. Kwenye kizuizi, askari aliyekuwa akitafuta risasi akavuta fungu la majani ya kunde.

"Kumbe hata nyinyi mnakula mboga?"

"Ni za mbuzi," alijibu Kinsi, uso ukimwaka.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Chai bila sukari ilimfanya Shamis agombane na birika. Alinusa samli ya jirani kupitia ukutani, akaondoka akakaa uani. Kinsi alidhani atashindwa. Lakini kidogo kidogo kanga ikaanza kumzunguka na kubaki, mashavu yakashuka, na kutoka mlangoni kwenda kisimani hakupumzika tena njiani.

Mji nao ukaona. Siku hizo mifugo ya watu ilikuwa ikichukuliwa na serikali, na mke wa tajiri akikonda, sababu haikuhitaji kuulizwa. Wanaume wakaanza kumshika Rage mkono na kumwambia asubiri, Mungu ni mwingi wa rehema.

"Mke wangu, nirudishie mwili wako!" Rage alilalamika. "Ngamia wangu wote wazima, na mji mzima unanipa pole!"

Ndipo Amino, dada yake Rage, akaingia na jamaa zake wakiwa na vibuyu vya samli na mbuzi wa kuchinja.

"Abayo, dada yangu," Amino alimwambia Shamis huku akifuta machozi, "aibu ya nini? Sema tu kwamba ngamia wamekwenda. Kunywa samli, urudi kuwa mtu."

"Ngamia wapo, Amino. Mimi ndiye nimeamua."

"Mtu huamua kukonda? Watu wanakufa njaa ndani ya ua walimofungiwa na askari, wewe unamtupia Mungu neema yake usoni!"

Neno hilo lilimchoma. Kinsi aliuona mkono wa shangazi yake ukielekea kwenye kibuyu, ukasita juu ya kifuniko. Kisha Shamis akawaita wanawake waliohamishiwa kwa nguvu kwenye ua huo wa Galbet, ambao hawakuwa wamebakiwa hata na mbuzi mmoja, akawagawia samli yote mbele ya Amino. Usiku ule alikula kunde zake.

Idi ya mwaka 1967 watu walisali uwanjani, askari wakiwatazama kwa mbali. Shamis alikuja bila kigoda. Alisimama kati ya Kinsi na Amino. Imamu aliposujudu, Kinsi alisikia magoti ya shangazi yake yakilia, moja kisha la pili, halafu pumzi ndefu, halafu kimya. Kinsi alipoinuka, aliona vumbi jekundu kwenye paji la shangazi yake, na machozi yaliyochora njia ndani yake. Shamis alishuka tena, akapanda tena, bila kushikwa na mtu.

Sala ilipokwisha, wanawake walipiga vigelegele wasijue hata walianza vipi. Amino akanong'ona, "Hizo kunde, ni mama yupi anayeziuza?"

Mwaka huo huo Kinsi aliolewa mbali, Takaba, na hawakuonana tena. Asubuhi ya safari, lori likinguruma, Shamis alimshika mikono kupitia ubavuni mwa lori, akamwambia, "Ukisujudu huko, edo, ujue nami nipo chini."