Pingili Moja kwa Hesabu Moja

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya karatasi za safari, hapa Bukavu. Mbele yangu aliketi mama mmoja na binti yake wa darasa la tatu, mwenye kibao cha hesabu mapajani na kipande cha muwa pembeni.

"Kula tu, mutoto, iko yako," mama alimwambia.

"Bado, maman. Nikimaliza hesabu moja, nakula pingili moja."

"Mwalimu ndiye alisema hivyo?"

"Hapana. Ni miye mwenyewe."

Hesabu ya nne aliikosea, akagundua muwa ukiwa tayari mdomoni. Akautoa, akafuta kibao kwa mate, akaanza upya.

Nyuma ya meza, karani alikuwa akikoroga chai ya pili. Muhuri hakuwa ameugusa tangu tufike. Binti alimtazama kwa utulivu.

"Papa," alimwita, kama watoto wa hapa wanavyomwita mwanaume yeyote, "umekwisha kumaliza karatasi ngapi?"

Mama alimfinya. Karani alitazama kikombe, akatutazama sisi, akakisogeza kando. Aligonga karatasi zetu zote, chai ikapoa.

Haya nimeyaandika chupa yangu ya bia ikiwa mezani, haijafunguliwa. Wiki zote zilizopita niliandika safu hii chupa ikiwa tayari tupu.