Chuma Kilichokaa Kati Yangu na Mkwe

Shule niliiacha kwa sababu ya nyuki. Watu wakiniuliza niliishia darasa la ngapi nawaambia niliishia kwenye nyuki, wanacheka, wanadhani mzee anatania. Sitanii. Tulikuwa tumekaa ndani ya darasa la nyasi, mwalimu anatuimbisha hesabu, mara kundi la nyuki likaja likatua kwenye boriti juu ya ubao, likaning'inia kama gunia jeusi. Mwalimu alikuwa mtu wa mbali, hajui mambo ya nyuki. Akalichokoa kwa fimbo yake ya kutuchapia.

Eeh! Sijaona tena watu wakitoka kwenye mlango mmoja namna ile. Sisi tuliozaliwa kwenye mizinga tulijitupa kwenye mtama tukalala kifudifudi, kimya. Mwalimu hakuweza kulala. Alirukia pikipiki yake, ndogo, nyeusi, inayokohoa kama mzee wa ugoro, akaipiga teke, akaipiga teke, nyuki wamemfunika shingo kama skafu, mpaka ikawaka, akapotea na vumbi kuelekea Kiomboi. Baadaye alirudi uso umevimba kama boga na masomo yakaendelea, lakini mimi baba alikuwa ameshanikabidhi ng'ombe. Alisema shule yenye nyuki hata yeye anaweza kuniwekea nyumbani.

Kilichonibaki kichwani si hesabu. Ni ule mlio. Nilikuwa nachunga huku nikiuigiza kwa mdomo, ng'ombe wananiangalia. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye yale madarasa ya jioni ya watu wazima, ndiyo maana herufi zangu zinalala upande mmoja. Na pikipiki sikuwahi kuwa nayo. Kulikuwa na mtama, kukaja alizeti, kukawa na watoto, goti likaanza kuuma. Vijana wa hapa Kinyangiri walipoanza bodaboda nilikuwa nikipanda nafumba macho, si kwa uoga, kwa kusikiliza.

Binti yangu alilijua hilo. Ndiye aliyeleta pikipiki kubwa hapa nyumbani, ingawa siku ilipofika yeye alikuwa ameshazikwa.

Nieleze vizuri. Binti yangu aliolewa na kijana mmoja wa Singida mjini, mpakuzi wa mizigo kwenye duka la Mhindi mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi. Uani kwa Mhindi huyo kulikuwa na pikipiki iliyofunikwa turubai. Mzungu mmoja alikuwa anazunguka nayo Afrika, ikamfia njiani, akaiombea hifadhi, akaenda zake na asirudi kuichukua. Si pikipiki kama hizi zetu. Mbele imeinama na ina gamba la plastiki kama ya watu wa mashindano, lakini pembeni ina nafasi ya masanduku ya safari ndefu, na kiti chake kipana ungeweza kumlaza mtoto. Imetengenezwa kwa mtu anayetaka kwenda mbali na kwenda haraka, vyote pamoja. Mhindi alipochoka kuizunguka akamwambia mkwe wangu, "Chukua hiki chuma chako, kinanilia uwanja." Binti yangu akamwambia mumewe, "Tuitengeneze, siku moja umpandishe baba yangu mpaka achoke mwenyewe." Halafu akaugua. Hakuugua sana, aliugua upesi.

Hakuacha mtoto. Hili nataka ulijue mapema, maana mtoto angekuwepo nisingekuwa na cha kuandika.

Baada ya matanga mkwe alikuja na lori la kubeba vitunguu, pikipiki imelala juu ya magunia matupu. Akanisalimia kwa mbali kama ilivyo desturi, macho chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Hicho ni nini?"

"Ni ile ya marehemu, baba. Chumba changu mjini hakina ua. Nikasema labda hapa."

Nikasema labda hapa.

Sasa, kwa watu wasiotoka kwetu. Mkwe na baba mkwe hatuchezeani. Hatukai kiti kimoja, hatuguswani, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Nikitaka kumpa spana naiweka juu ya kigoda, naondoa mkono, ndipo yeye anaichukua. Akimaliza anairudisha kwenye kigoda. Na mama mkwe ndiyo kabisa, mke wangu haonekani. Alikuwa anajibanza nyuma ya uzio wa mabua na kuongea na kuku.

"We kuku, mwambie huyo mgeni ugali unapoa."

Mkwe naye anamjibu kuku, "Mwambie mama nashukuru, nanawa."

"Mwambie ale vizuri, amekonda, watu watasema kwetu kuna njaa."

Wakati mwingine kuku mwenyewe ameshaondoka zamani, wao wanaendelea.

Kwa hiyo tuliijenga ile pikipiki namna hiyo, kigoda katikati. Alikuja Jumapili kwa Jumapili, duka likifungwa. Vipuri vyake halisi havipatikani hapa, labda Ulaya huko, basi tukawa tunaiokotea. Cheni na spoketi tulizitoa kwenye guta la mizigo lililokufa, tukazichonga mpaka zikakubali. Taa ya mbele ya bajaji, imekaa ndani ya lile gamba kama jicho la mtu mwingine. Betri ya gari dogo, tukaikatia nafasi chini ya kiti. Gasketi tulizikata kwenye boksi gumu la misumari. Kioo cha kuzuia upepo kilikuwa kimevunjika, tukapinda plastiki ya dumu kwenye moto wa mkaa. Huoni mbele vizuri ukiinama, lakini upepo unajua kwamba umezuiwa. Kiti nikakivika mwenyewe ngozi ya ng'ombe wangu wa mwisho, mwenye mabaka, nikashona kwa ule ushonaji wa vibuyu aliokuwa nao mama yangu, mama alikuwa anaweza kushona kibuyu kilichopasuka kisivujishe hata maziwa, wanawake walikuwa wanamletea hata kutoka Mgori, lakini hayo nitayaacha.

Sanduku la pembeni la kushoto lilikuwepo la Mzungu. La kulia halikuwepo. Siku moja mke wangu akamwambia kuku kwamba kuna tranka la bati chini ya kitanda linakaa bure. Lilikuwa tranka la binti yetu la shule ya bweni. Jina lake lipo ubavuni kwa rangi nyeupe, aliliandika mwenyewe. Mkwe alilibeba akaliweka juu ya kigoda, akakaa akilitazama. Mimi nikaenda kutazama mbuzi. Niliporudi alikuwa ameshatoboa matundu ya nati, lakini alilifunga jina likatazama nje, lionekane barabarani.

Sasa niseme ukweli wa mambo. Sikuwa na haraka na hiyo pikipiki. Nilikuwa na haraka ya Jumapili. Binti hayupo, mjukuu hayupo, kilichobaki cha binti yangu duniani kinachotembea na kunisalimia shikamoo ni huyu kijana. Na kila mtu anajua mjane wa kiume akishafunguliwa na wazee anakwenda kuoa kwingine na huko ndiko kunakuwa kwao. Kaka yangu mkubwa alikuwa ananikumbusha kila akipita.

"Hiyo pikipiki ina mimba ya miaka mingapi?"

"Bado taa za nyuma, kaka."

"Taa! Wewe unamfunga mtoto wa watu kwa waya za taa. Mfungue akaoe. Mkwe asiye na mke wala mtoto kwako ni mgeni tu."

"Akimaliza taa."

Zikaisha taa. Mkwe akasafisha mikono kwa mafuta ya taa, akaiangalia pikipiki, hakuniangalia mimi, desturi.

"Naona kama inataka na honi ya lori, baba."

"Inataka, mkwe."

Jumapili nyingine akaja bila honi. Amesahau. Tukakaa tu tukaisugua. Ikaja honi. Nikasema mimi naona matope yatamrukia mtu wa nyuma, tukaweka ngozi ya tairi, nikaipiga urembo wa misumari ya shaba. Yeye akasema vioo vya pembeni havilingani. Havikulingana kweli, kimoja cha lori kimoja cha pikipiki, akasema kutolingana huku ni kubaya, tutafute vinavyolingana. Sijui kama unaelewa. Tulikuwa wawili tunaokwepa kumaliza, na kila mmoja anadhani anamdanganya mwenzake.

Kilichoshinda ni suala la kukaa. Maana mwisho wa yote mimi ndiye wa kupandishwa, marehemu alisema. Na mkwe na baba mkwe watakaaje kiti kimoja, mmoja kifua kwa mgongo wa mwenzake? Hata wazungu wangeona haya. Mkwe ndiye aliyepata jibu. Alikwenda kwa mchomeleaji pale senta akarudi na chuma, kama mgongo wa kiti, akakifunga kwa nati katikati ya ile ngozi ya mabaka, kinipite kifuani. Mimi nitashika chuma, sitamshika yeye. Mke wangu akatoa khanga ya binti ikaviringishwa kuzunguka chuma, kisiniumize. Watu walikuja kukitazama. Jirani mmoja akauliza kama hicho ni kiti au kizimba cha mahakama.

Ikaja Jumapili ambayo hapakuwa na cha kuongeza. Asubuhi, jua zuri, alizeti zimechanua pande zote. Akaiwasha.

Mlio ule. Siwezi kuuandika. Si ile ya kukohoa ya mwalimu. Hii ilinguruma chini chini, kama inaongea na ardhi. Nilicheka mwenyewe kama mwehu. Mke wangu nyuma ya uzio alipiga kigelegele na kujizuia katikati.

Nikapanda. Chuma kikanikaba. Tumbo la mzee si la kupimwa na mchomeleaji. Nikajaribu hivi, nikajaribu hivi. Yeye mbele amekaa wima, anasubiri, mgongo wake mwembamba, shati lile lile la bluu alilovaa kila Jumapili. Na mimi moyoni nikaona huyu mtoto ameniunganishia pikipiki kwa mikono yake, analia na mimi miezi yote bila kulia, halafu nimkalie nyuma ya kizuizi kama mbuzi aliyefungiwa? Nikashuka. Nikachukua spana. Sikuiweka kwenye kigoda.

"Mkwe, toa hiki chuma. Nataka nikae na wewe kama baba na mwanawe."

Nikamnyooshea mkono, spana ndani yake.

Aliutazama ule mkono. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanitazama usoni. Ana macho ya kahawia, nilikuwa sijui. Akapiga goti kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, vidole vyake vikanigusa. Akafungua nati, moja moja, akakiweka chuma chini taratibu na khanga yake, akasema, "Nashukuru, mzee."

Mzee. Siku zote alikuwa ananiita baba.

Nililisikia lakini nilikuwa nimeshapanda. Tulikwenda mpaka karibu na Kiomboi na kurudi. Nilimshika mabega, kwenye mabonde nikamshika kiuno. Tranka la bati lilikuwa linalia kwenye mashimo, upepo wa alizeti unatupiga, watoto barabarani wanapiga kelele, na mimi sikufumba macho hata kidogo. Kama kuna mtu anayeniuliza nataka nini tena katika maisha haya, nataka ile njia.

Tuliporudi mke wangu alikuwa amesimama nje ya uzio, wazi kabisa, mikono kichwani. Alikuwa amekiona chuma pale chini.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia tukae kama baba na mwana."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Basi umemfungua," akasema. "Umemfungua na pombe haijapikwa."

Na ni kweli. Wazee kwetu wakitaka kumfungua mjane pombe hupikwa, wakamwita wakampa kitu mkono kwa mkono, jembe au fimbo, basi, ukwe umekwisha pale, aende zake kwa amani. Mtu hatoki kwenye ukwe akaingia kwenye uana. Hakuna mlango huo. Anatoka tu. Na nilikuwa nayajua hayo tangu sijaota ndevu.

Mkwe alikuwa ameshazima injini. Akaifuta vumbi yote, mpaka kwenye spoku, akakifuta na kile kioo cha lori. Akanikabidhi ufunguo mkononi. Nikamwambia pikipiki ni yake, aende nayo.

"Hapana, mzee. Hii ni ya hapa."

Akanawa. Akamuaga mke wangu kwa kumtazama sawasawa, jambo ambalo lingekuwa matusi asubuhi, akasema, "Kwaheri mama, umenilisha." Mke wangu akashindwa kujibu, hakuwa na kuku.

Nikasema, "Jumapili basi." Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyoitikia mtu aliyelelewa vizuri. Akashika kinjia kinachopita kwenye alizeti kwenda barabarani, kwa miguu, kichwa kinaonekana juu ya maua, halafu nusu ya kichwa. Hakurudi.