Besiboli ya Mnazi Mmoja

Juzi, siku ya sherehe za uhuru, nilipita Mnazi Mmoja nikaona watoto wamepangwa mstari juani, wanamsubiri mgeni rasmi. Nikamkumbuka kaka yangu Elisante.

Nilipokuwa mdogo, kaka alikuwa ameanza besiboli shuleni, mchezo ambao mtaani kwetu Kariakoo hakuna aliyeujua. Siku ya sherehe za uhuru mwaka huo, timu yao ilipangiwa kucheza hapo Mnazi Mmoja baada ya hotuba. Mama akafunga duka la vitenge mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata akiumwa.

"Leo namwona mwanangu," alisema, huku akinipaka mafuta usoni.

Kaka na wenzake walisimama mstari, marungu yao ya besiboli begani. Spika zilikoroma, na harufu ya mihogo ya kukaanga ilikuwa imechanganyika na vumbi. Mgeni rasmi alisimulia historia ya nchi, akaja kwenye ya chama, kisha akaanza upya. Mimi nilidhani kule kusimama ndiyo besiboli yenyewe. Watoto walipoanza kudondoka kwa jua, nikajua hao wametolewa. Kaka hakudondoka. Nilimshangilia mpaka sauti ikakauka.

Hotuba ilikwisha jua linazama, na mwalimu akakusanya marungu. Mama akakung'uta kitenge chake, akasema tu, "Twendeni."

Njiani nikamrukia kaka. "Kaka, umewashinda wote!"

Sasa najua hakugusa hata mpira mmoja. Lakini alinibeba mgongoni, akamwambia mama, "Si umesikia? Nimeshinda."

Mama akacheka kidogo.