Nilivyomsomea Neema

Harufu ya tende zinapochemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba si ile unayoijua wewe mezani. Ni nzito, ina utamu unaokaribia kuungua, na inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata maji ya kunywa unayaona yananuka tende. Kila kiangazi pale Ibra, Oman, majirani zetu walizichemsha zingali za njano, wakazianika juani, na sisi watoto tuliofunga skuli hatukuwa na pa kuikimbia harufu hiyo. Kiangazi ninachokisema nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa na kazi ambayo wenzangu hawakuwa nayo. Nilikuwa namsomea Neema Biblia.

Neema alikuwa mfanyakazi wetu wa ndani, mtu wa Singida, aliyemwacha kijijini kwa mama yake mtoto wa miaka minne aitwaye Baraka. Skuli aliishia darasa la pili na herufi zote zilikuwa zimeshamtoka. Biblia yake ya Kiswahili aliifunga ndani ya kanga, na aliyoyajua humo aliyajua kwa kuyasikia kanisani. Bibi yangu mzaa baba, mzaliwa wa Unguja aliyekuja Oman baada ya mapinduzi, ndiye aliyeanzisha kusoma kwetu. Alimkuta amekifunua kitabu mapajani anakitazama tu, akamuuliza ati anatazama nini na kusoma hajui. Kisha akasema Salma, ndiye mimi, anazijua herufi za Kizungu, basi na asome, na yeye Bibi apate kusikia habari za Mitume kwa lugha aliyoinyonya. Kurani aliisoma kila alfajiri, lakini Kiarabu chake, miaka yote ile, kilibaki cha sokoni. Basi kila baada ya alasiri tulikaa barazani watatu: mimi nasoma maneno ambayo nusu yake siyaelewi, Neema ananieleza maana, na Bibi anasikiliza. Neno likinishinda nililiruka, na hakuna aliyejua.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, asiyepandisha sauti hata akiudhiwa. Siku tuliyomaliza habari za Ayubu alisimama mlangoni akasikiliza mpaka pale Ayubu anaporudishiwa mifugo maradufu na kupata watoto wengine kumi badala ya waliokufa. Akasema ni vizuri, kumi wamekwenda, kumi wamerudi, hesabu imefungwa. Neema akatikisa kichwa. Alimwambia kwa adabu kwamba kitabu kile mtu hakielewi mpaka Roho wa Mungu amfunulie, la sivyo atafika ukurasa wa mwisho na hajasoma kitu. Baba akakaa kitako, maana mjadala aliupenda. Alisema kitabu ni maneno, maneno yana maana, na akili tuliyopewa na Mungu inatosha. Tukianza kusema mpaka tufunuliwe, kila mtu atakuja na lake na hatutajua nani mkweli. Bibi akaingilia kwamba ipo sura moja ya Kurani ambayo haisomi asilie, na maana yake hajapata kuelezwa na mtu. Baba akacheka. Akamuuliza analia nini, na hajui inasema nini?

"Mimi siijui," Bibi akasema. "Yenyewe inanijua."

Wiki zile Baraka alikuwa mgonjwa wa homa. Kupiga simu kulikuwa ghali, na ujumbe kutoka kwao ulikuwa unakuja kwangu kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa macho yake: leo kala uji, leo hakula, leo kapelekwa zahanati. Neema aliniambia kwamba katika maombi ameonyeshwa mtoto anakimbia uwanjani, na hivyo hana wasiwasi. Nilimwamini kabisa, kwa sababu aliyasema huku anakuna nazi, bila kutaka kumshangaza mtu.

Jumatano, mkesha wa harusi ya shangazi yangu, nyumba imejaa wageni kutoka Sur na Bidiya, simu ya Neema ililia ukumbini. Neema mikono imejaa unga, akanipigia kelele nikamtazamie. Nikasoma. Baraka amefariki alfajiri. Tuzike au tukungoje? Nikasimama pale pale mpaka Baba alipopita akaniona. Akaichukua simu, akasoma, akasema innalillahi, na macho yake yalilowa, hilo lazima niliseme. Kisha akaanza kupiga hesabu zake. Ndege hapati kabla ya Jumapili. Maiti haiwezi kukaa siku zote hizo kwenye joto. Akijua leo au akijua Jumamosi, mtoto harudi. Wageni sabini wanataka kula. Hakukosea popote. Akanirudishia simu.

"Andika, zikeni, siwezi kuja," akasema. "Yeye mwambie mtoto hajambo. Harusi ikisha nitamweleza mwenyewe."

Nikaandika. Vidole vyangu hivi hivi. Baba akaizima simu akaitia kwenye mtoto wa meza, na mimi nikaenda jikoni nikajikaza, nikamwambia Neema kwamba Baraka ameamka vizuri na simu Baba anaitia chaji. Akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye unga akamshukuru Mungu. Siku mbili zile, kazi zimemzidi hata simu hakuiulizia, alipika huku anaimba. Mimi kila nilipomsikia nilikwenda kujificha chooni nikaziba masikio, na sikumwambia mtu.

Jumamosi Baba alitimiza ahadi yake. Alimkalisha, akamweleza kwa upole, na alipoishiwa maneno akamwambia Mungu atampa mwingine. Neema hakulia mbele yake. Alimtazama, akamwambia, "Hata Ayubu ulimsoma hivyo hivyo." Akaomba simu yake, akampigia mama yake, na mama akamuuliza ilikuwaje akawaambia wazike. Aliponijia alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Akaniambia nimwonyeshe palipoandikwa. Nikamwonyesha, akaniamuru nisome huku naweka kidole chini ya kila neno, mara tatu. Kisha akaniuliza, "Na mle kwenye Biblia, ulikuwa unanisomea yaliyomo?" Nikamwambia ndiyo, nikakumbuka maneno yote niliyoyaruka. Aliuona uso wangu.

Hakuniomba tena nimsomee. Alibaki kwetu mwaka mwingine na zaidi, mkataba ndio uliosema hivyo, na kila alasiri alikaa peke yake nyuma ya jiko na Biblia yake. Alikuwa na zaburi mbili alizozijua kwa moyo, basi alizitafuta kwa namba zake, maana tarakimu hazikumtoka, mpaka akazipata, akawa anaweka kidole kwenye kila neno anapolitamka, mpaka herufi zikaanza kumtii. Alipoondoka alikuwa anasoma mwenyewe, polepole, kwa sauti ya mtu anayekagua. Bibi alikaa barazani akimsikia kwa mbali, na hakuthubutu kumwomba asogee.

Siku hizi simu zinatumiana sauti, na binti anayetusaidia nyumbani anazungumza na mwanawe kila siku, uso kwa uso. Nikimwona huona haya. Baba na Neema walibishana kama kitabu hufunguliwa na Roho au na akili. Baba alikuwa na akili akaitumia, na Neema alikuwa na Roho, na Roho hakumwambia kwamba mwanawe anazikwa. Nani kati yao alikuwa na haki sijui, na wanaojua nawaogopa.

Mimi sasa ni mkalimani hospitalini, Nizwa. Nawasomea watu majibu yao, na siruki neno. Mwezi uliopita nilimpeleka Baba, ambaye sukari imeshamharibu macho, kupimwa figo. Majibu yalikuwa mazuri, wallahi mazuri, na nikamsomea kama yalivyo, mstari kwa mstari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaitaka karatasi, akaikunja, na tulipofika nyumbani akamwita mke wa kaka yangu amsomee tena.